Ukitaka kusoma hadroni ngeni, anza na muoni mbili

Wanafunzi wa fizikia huniuliza waanzie wapi wakishavutiwa na hadroni ngeni kama tetrakwaki na pentakwaki, yaani chembe zilizoundwa na kwaki nne au tano badala ya mbili au tatu za kawaida. Nawaambia waweke nadharia kando kwa muda, wakachore grafu. Mimi nilianza hivyo, kwa kompyuta ya kawaida na data ambazo CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyoko Uswisi, huziweka mtandaoni bure.

Chukua data za kigunduzi cha CMS za mwaka 2010, zile za matukio (migongano ya chembe) yenye muoni mbili; muoni ni kama elektroni, ila nzito zaidi. Kila mstari una nishati na momenta za muoni zote mbili. Jumlisha nishati, jumlisha momenta kama vekta, kisha toa mraba wa momenta kwenye mraba wa nishati na utafute kipeuo cha pili. Hilo ndilo tungamo la chembe iliyozaa jozi hiyo, kama kweli zilizaliwa pamoja. Rudia kwa kila tukio, kisha chora grafu ya idadi ya matukio kwa kila tungamo. Ukiigawa kwa vipande vya GeV 1 (GeV ni kipimo cha nishati, na hapa cha tungamo pia), karibu na 3 utaona kituta tu. Vipunguze hadi 0.02 na chembe iitwayo J/psi itasimama wima kwenye 3.1. Sogea hadi 9.46 umkute Upsiloni, chembe nyingine nzito zaidi, na ndugu zake wawili wakimfuata kwa karibu. Raha ya kuviona vilele hivyo kwa hesabu za mkono wako haielezeki!

Ukishacheza na vipande hivyo, ya LHCb, kundi jingine la watafiti wa CERN, hayatakushangaza. Mwaka 2015 walitangaza pentakwaki, moja ikiwa kwenye MeV 4450 (GeV 1 ni MeV 1000), katika kuoza kwa Lambda-b, ambayo ni barioni, yaani chembe ya kwaki tatu. Mwaka 2019, wakiwa na matukio mara tisa zaidi, kilele hicho kikagawanyika kuwa viwili, 4440 na 4457, na kingine kikajitokeza kwenye 4312.

Ila usikiamini kilele kwa sababu ni kirefu. Mwaka 2016 kundi la D0 pale Fermilab, maabara ya Marekani, lilitangaza X(5568), kilele walichokiona kuwa tetrakwaki. Mchujo mmoja (sharti la kuchagua matukio), uliobakiza chembe zilizoruka karibukaribu tu, ulikuwa unakikuza kilele hicho. LHCb wakatafuta kwenye data nyingi zaidi, wasikione. CMS na ATLAS, kigunduzi kingine cha CERN, vilevile. Kwa hiyo kila unapoweka mchujo, chora grafu mara mbili, ukiwa nao na bila huo, uzilinganishe. Na chembe zikiwa tatu au zaidi, chora tungamo la kila jozi: kilele cha jozi moja huweza kuwa kivuli cha chembe ya zamani iliyoko kwenye jozi nyingine.