Wembe wa mitumba na uvumilivu wa jiwe la kwanza

Wembe wangu wa kwanza wa kukunja niliupata kwa muuza vyuma chakavu, umeviringishwa kwenye gazeti pamoja na bisibisi mbili na kufuli lisilo na ufunguo. Nikaupeleka kwa mnoa visu wa baiskeli. Akakanyaga pedali, cheche zikaruka, nikarudishiwa wembe unaong'aa hata nikajiona nimepata dhahabu. Usiku ule nilinyoa shavu moja. Shavu la pili lilisubiri wiki nzima, mpaka michubuko ya la kwanza ipone.

Yule bwana hakuwa na kosa, mimi ndiye niliyempelekea kazi isiyo yake. Ukingo wa wembe ni mwembamba mno, na gurudumu kavu likiugusa unapata joto kabla hujakohoa. Ukiona rangi ya kahawia au bluu karibu na makali, chuma cha hapo kimeshapoteza ugumu wake na hakitashika makali tena mpaka sehemu hiyo inolewe hadi iishe. Isitoshe, wembe una kitu ambacho kisu hakina: mgongo wake ndio kipimo. Unaulaza kwenye jiwe, mgongo na makali vyote viguse, na pembe inajipanga yenyewe. Mkono wako hauhitaji kukisia chochote. Gurudumu linaharibu mpango huo wote.

Kwa hiyo, wewe unayeanza, kwanza jifunze kuchagua. Nyembe nyingi za zamani zinazozunguka sokoni zilitoka Sheffield, Uingereza, na Solingen, Ujerumani. Ukikuta jina la nchi limegongwa kwenye shina la wembe, mara nyingi umetengenezwa baada ya 1891, kwa sababu sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ililazimisha bidhaa zinazoingia kule zitaje nchi zilikotoka. Ni habari nzuri ya kusimulia barazani, ila haikunyoi. Mimi naangalia ukingo kabla ya jina. Ufa, hata mdogo kama unywele, maana yake weka chini uende zako. Vitundu vya kutu kwenye ubapa si tatizo, lakini vikifika kwenye makali vitakusumbua, maana kila ukinoa kitundu kipya kinafunguka. Makali yaliyobonyea katikati kama mwezi mwandamo yanaweza kurekebishwa, lakini si na mtu anayeanza. Tazama pia mgongo: ukiwa umelika upande mmoja kuliko mwingine, aliyeutumia zamani alikuwa akiukandamiza.

Na mpini wa pembe ya ndovu, acha. Sheffield ilitumia pembe nyingi sana kwa vipini, na Zanzibar ilikuwa bandari kubwa ya biashara hiyo katika karne ya 19, kwa hiyo historia yake inatugusa. Lakini Kenya na Tanzania kumiliki pembe bila kibali ni kosa la jinai, na hakuna kidevu chenye thamani ya kesi.

Usafi hauchukui muda mrefu. Sabuni na maji ya uvuguvugu, kisha mafuta ya cherehani na stiluwaya laini kabisa, ukisugua kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali bila kuyapita, maana vidole vyako viko pale pale. Halafu pangusa kwa spiriti. Wembe huu ulipita kwenye ngozi za watu usiowajua, na virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa nje ya mwili siku saba au zaidi. Usitumie jiki, inakula chuma. Ukishauandaa, ni wembe wako peke yako. Usiuazimishe hata kwa kaka yako wa tumbo moja. Kama wewe ni kinyozi, kwa wateja tumia ule wa kubadilisha kiwembe, na kila kichwa kiwembe kipya.

Sasa kinoo. Hapa ndipo nilipopoteza miezi.

Namba ya jiwe ikiwa kubwa, punje zake ni laini zaidi. Nilipoanza nilinunua jiwe la namba 8000 kwa sababu nilisikia ndilo linalotoa makali ya kunyolea. Nikanoa wiki mbili mfululizo, kila jioni. Wembe uking'aa kama kioo, ndevu zikiung'ang'ania kama makapi ya nazi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nang'arisha pande mbili ambazo hazijakutana. Makali si kitu kingine ila mahali ambapo upande wa kulia na wa kushoto vinagusana. Kama havijagusana, unaweza kusugua kwa hariri mpaka Idi, hupati kitu. Kazi ya kukutanisha ni ya jiwe la namba 1000, na kwa wembe uliochoka inaweza kuchukua saa nzima au zaidi, wakati mawe yanayofuata yanachukua dakika chache tu.

Kabla ya yote sawazisha jiwe lenyewe. Chora mistari ya penseli juu yake, bandika msasa wa maji juu ya kipande cha kioo, sugua jiwe mpaka mistari yote ifutike. Jiwe lenye bonde linatoa wembe wenye kilima.

Kisha paka makali rangi ya kalamu ya maka pande zote mbili, ulaze wembe, upitishe mara tatu nne, makali yakitangulia, kana kwamba unataka kumenya ganda jembamba juu ya jiwe. Angalia rangi imebaki wapi. Mara nyingi utaikuta kwenye ncha au kwenye kisigino, yaani mwisho wa makali upande wa mpini, na hapo ndipo jiwe halijafika. Ukifika mwisho wa jiwe geuza wembe kwa kuuviringisha juu ya mgongo, kamwe si juu ya makali. Jiwe likiwa jembamba kuliko wembe, vuta mshazari, anza kisigino umalizie ncha. Uzito wa mkono usizidi uzito wa wembe wenyewe na kidole kimoja. Ukikandamiza, ukingo unapinda na kukukimbia.

Tepu ya fundi umeme mgongoni? Watu wanabishana. Mimi naweka tabaka moja pale tu mgongo una nakshi au umelika vibaya. Ukiiweka kwenye jiwe la kwanza, iwepo hadi la mwisho, maana ukiitoa katikati pembe inabadilika na unaanza upya.

Utajuaje pande zimekutana? Simama chini ya taa, elekeza makali juu na uyatazame moja kwa moja. Makali butu yanarudisha mwanga, unaona uzi mweupe. Yaliyokutana hayaonekani. Halafu nyoa vinyweleo vya mkono kwa kila sehemu ya wembe, kisigino, katikati, ncha. Ncha ikigoma, rudi kwenye 1000. Usijidanganye kwamba 4000 itamalizia. Mimi nilijidanganya mara nyingi.

Baada ya hapo ni raha tu: 4000 mpaka mikwaruzo ya jiwe la kwanza ipotee, kisha 8000, na kama una uwezo, 12000. Wembe wa 8000 unanyoa vizuri. 12000 ni starehe. Ukikosa pesa ya mawe, msasa wa maji juu ya kioo unasaidia mwanzoni, lakini namba zake hazilingani na za vinoo. Msasa wa P2000 una punje za mikroni 10 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kwa hiyo kazi yake iko karibu na jiwe la kwanza kuliko la mwisho.

Baada ya mawe, wembe unapitishwa kwenye ukanda wa ngozi, nao ni kinyume cha jiwe: mgongo unatangulia, makali yanafuata. Mikanda ya suruali ya zamani inafaa ukiigundisha kwenye ubao. Ukanda usiogundishwa uvutwe ukaze, kwa sababu ukilegea unaviringisha makali uliyoyahangaikia. Mizunguko hamsini, polepole. Ukanda wangu wa kwanza niliukata vipande viwili kwa kutaka kuonekana fundi.

Unapojaribu usoni, lowesha ndevu vizuri, laza wembe karibu nyuzi 30, nyoa kufuata ndevu zinavyolala. Sisi wenye ndevu za kujikunja tukinyoa kinyume na kuchimba sana, nywele zinarudi ndani ya ngozi na shingo inajaa vipele. Wembe ukivuta, simama. Rudi kwenye ukanda, au kwenye 8000.

Mwisho kausha, paka tone la mafuta ya cherehani, weka mbali na bafu. Mimi nakaa pwani. Nikiusahau kwenye beseni usiku mmoja, asubuhi nakuta nukta za kahawia kwenye makali, na shughuli ya siku hiyo nimeshaipata.