Silinda nne kwenye pikapu kubwa: zinatosha?

Maswali ya wasomaji kuhusu magari

SWALI: Ndugu mhariri, naishi Houston, Texas, ambako nafanya kazi ya kukata nyasi na kutunza bustani za watu. Nataka kununua Chevrolet Silverado 1500 ya mwaka 2019 iliyotumika. Nimeonyeshwa mbili, moja ina V8, yaani injini ya silinda nane, ya lita 5.3, nyingine ina silinda nne tu, lita 2.7, yenye turbo. Hii ya pili bei yake ni nafuu, lakini rafiki zangu wanacheka kwamba injini ya gari dogo haiwezi kuvuta tela, tena wanasema valvu zake zinaendeshwa na kompyuta na zikiharibika hakuna fundi atakayezigusa. Nichukue ipi?

JIBU: Rafiki zako wanapima injini kwa lita, na kipimo hicho kilifaa wakati injini ilivuta hewa kwa pumzi yake yenyewe. Katika injini yenye turbo, moshi unaotoka kwenye silinda unazungusha gurudumu dogo ambalo nalo linashindilia hewa ndani, na hewa ikizidi, petroli inayoweza kuungua kwa mpigo mmoja inazidi pia. Injini ya lita 2.7 ilipotoka ilikuwa na nguvu za farasi 310 na nguvu ya kuzungusha ya Newton-mita 472, ambayo unaipata yote kuanzia mizunguko 1,500 kwa dakika hadi 4,000. V8 inaishinda kwa farasi 355 na Newton-mita 519, lakini kilele hicho cha 519 hakifikiwi mpaka injini izunguke mara 4,100 kwa dakika. Ukiondoka kwenye taa za barabarani na tela lenye mashine mbili tatu za kukatia nyasi, hutaona unyonge wowote.

Kuhusu valvu, yaani milango midogo ya kuingiza hewa na kutoa moshi kwenye silinda, wengi wetu tumezoea kuona maandishi ya VVT-i juu ya injini za Toyota. Mfumo ule unaisogeza kamshafti, yaani mhimili unaozifungua valvu, mbele au nyuma kidogo katika mzunguko wake, hivyo valvu hufunguka mapema au kwa kuchelewa, ila kina cha kufunguka hakibadiliki. Katika injini hii ya Chevrolet kina nacho kinabadilika. Nundu zinazosukuma valvu zimechongwa juu ya vipande vya bomba vinavyoweza kuteleza kwenye kamshafti, na kila kipande kina mfereji uliojipinda. Kompyuta ikitaka kubadilisha, sumaku ya umeme inashusha pini ndani ya mfereji huo, na kwa kuwa shafti inazunguka, mfereji unakivuta kipande pembeni kwa milimita chache hadi valvu ziangukie nundu nyingine. Ipo nundu ndefu ya kutoa nguvu zote na ipo fupi ya mwendo wa kawaida. Katika silinda mbili kati ya nne ipo pia sehemu isiyo na nundu kabisa, ambapo valvu hubaki zimefungwa, petroli hukatwa na gari hutembea kwa silinda mbili zilizobaki. Audi walitumia vipande vya kuteleza vya namna hii kwenye magari yao madogo miaka mingi kabla, kwa hiyo si jambo la kubahatisha.

Rafiki zako wamesahau jambo moja. Ukiikimbilia V8 kwa kuogopa valvu za kisasa, utazikuta huko huko, kwa sababu V8 hiyo ya 2019 nayo huzima baadhi ya silinda, na zile za matoleo ya juu zina mitindo 17 ya kuchagua silinda zipi zifanye kazi. Tofauti ni kwamba V8 huzizima kwa kutumia shinikizo la oili, na mimi binafsi naona sumaku na pini ni njia rahisi zaidi kueleweka.

Kwenye mafuta usimwamini sana muuzaji. Kwa vipimo rasmi vya Marekani, ile ya 2.7 inayosukumwa na magurudumu ya nyuma hupata maili 20 kwa galoni mjini na 23 barabara kuu, na V8 yenye mitindo 17 hupata 17 na 23. Faida iko mjini, barabara kuu hakuna. Tena ukivuta mzigo mzito turbo hufanya kazi muda wote, joto linapanda ndani ya silinda, na kompyuta huongeza petroli ili kuipoza injini. Kama siku nyingi unatembea na tela jepesi, chukua ya 2.7. Kama kila siku utavuta mashine nzito kwa safari ndefu, chukua V8. Vyovyote iwavyo, dai kuona kumbukumbu za kubadilisha oili, na zikikosekana uiache hata ikipunguzwa bei.

SWALI: Mimi ni mkulima wa Mbeya. Hilux ya dizeli ya lita 2.4 itapanda mlima wa Kitonga na mzigo kama ile yangu ya 3.0 D-4D?

JIBU: Itapanda. Ile ya 3.0 yenye gia za mkono ina Newton-mita 343, ya 2.4 ipo ya 343 na ipo ya 400, hivyo ulizia ni ipi kabla ya kulipa. Zote mbili zina turbo, na hilo ndilo muhimu kwenu nyanda za juu, kwa kuwa hewa ni nyepesi na injini isiyo na turbo, kama zile dizeli za zamani za Toyota ziitwazo 3L na 5L, hupoteza nguvu kadiri unavyopanda. Valvu za kuteleza hutazikuta humo. Injini ya petroli inazihitaji zaidi kwa sababu mwendo wake hudhibitiwa kwa kuzuia hewa isiingie yote, jambo linalopoteza nguvu, ilhali dizeli hudhibitiwa kwa kiasi cha mafuta yanayopulizwa.

SWALI: Fundi wangu hapa Nakuru anasema nisizime injini ya turbo mara tu nifikapo. Ni kweli?

JIBU: Ni kweli ukiwa umetoka kupanda mlima au kuvuta mzigo. Mhimili wa turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ukielea juu ya oili, na ukizima ghafla oili hiyo husimama na kuungua kwenye chuma cha moto. Iache injini ingurume taratibu dakika moja au mbili. Ukiwa umetoka sokoni tu, zima.