Re: Chepkube ilitajirika vipi?

Ndugu, umeuliza ilikuwaje Chepkube, kijisoko cha Bungoma, magharibi mwa Kenya karibu na mpaka wa Uganda, kikajaa pesa miaka ile ya 1970, na kama ni kweli palikuwa na genge la magendo ya kahawa. Anzia Brazil. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni kule, na kufikia 1977 bei ya kahawa duniani ilikuwa imepaa ajabu.

Sasa mkulima wa Uganda, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, alitakiwa aiuzie kahawa yake bodi ya serikali ya Idi Amin. Malipo kiduchu, tena kwa shilingi isiyonunua kitu, maana sabuni, chumvi na sukari vilikuwa vimeadimika madukani. Ng'ambo ya pili, Kenya, palikuwa na noti na sabuni pia. Wewe ungefanyaje?

Basi magunia yakavuka usiku, mengine mgongoni mwa punda, mengine kichwani mwa mtu. Askari wa Amin walikuwa wakiwafyatulia risasi wafanya magendo, ilhali baadhi ya wakubwa wao walikuwa ndani ya biashara hiyohiyo. Hapo ndipo neno "genge" linaponiingia akilini. Mama aliyebeba debe moja simwiti jambazi hata kidogo. Wabukusu wa Kenya na Wagisu wa Uganda wanasikilizana lugha, Wasabaot wa Kenya na Wasebei wa Uganda ni ndugu. Kwa mama huyo ule mpaka ulikuwa njia ya kwenda kwa shangazi.

Walionona hasa ni wenye malori na mtu wa kumpigia simu Nairobi.