Mwalimu, shule inaisha. Mwanangu aende wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu wa kiume ana miaka 17, ana usonji na ulemavu wa akili. Mwakani anamaliza shule. Anaoga na kuvaa mwenyewe, ila vifungo vinamshinda. Anapenda kupanga vitu kwa rangi, hadi soksi za baba yake. Ndugu wanasema nimweke tu nyumbani. Usiku nawaza: nikifa je?

JIBU: Marahaba, mama. Hilo la soksi nitalirudia.

Kwanza nikiri kosa langu. Nilipofundisha darasa la mahitaji maalumu, nilikaa na msichana mmoja mwaka mzima tukihesabu chenji kwa noti za karatasi nilizokata mwenyewe. Darasani hakosei. Siku nilipompeleka dukani aliduwaa. Kelele, foleni, muuzaji ana haraka. Darasani kwangu hayo hayakuwepo. Vijana wengi kama yeye na mwanao hupata tabu kuhamisha walichojifunza mahali pamoja wakakitumie pengine, nami nilikuwa nalijua hilo vitabuni tu. Kwa hiyo mwaka huu uliobaki, pesa ajifunzie dukani, na kupanda basi ajifunzie ndani ya basi.

Anza na jambo dogo, mathalani hivyo vifungo. Mfungie vyote, umwachie cha mwisho. Akikizoea, mwachie viwili vya mwisho, kisha vitatu. Ukianzia mwisho namna hiyo, kila asubuhi anayemaliza kuvaa ni yeye, si wewe.

Sasa soksi. Watu hungoja kijana "awe tayari" ndipo atafutiwe kazi, na wengi huzeeka wakingojewa. Mwaka 1996, katika hospitali ya watoto ya Cincinnati, Marekani, muuguzi Erin Riehle alihitaji watu wa kupanga na kujaza upya vifaa vya idara ya dharura, kazi ambayo waajiriwa walikuwa hawadumu nayo. Akawapa vijana wenye ulemavu kama wa mwanao, wakafundishwa humohumo kazini. Mpango huo, Project SEARCH, umeshafika nchi kadhaa. Mwanao anayepanga kwa rangi bila kuambiwa ana mwanzo wa kazi ya ghalani, maktaba au dobi. Omba shule imtafutie pa kujaribu angalau siku moja kwa wiki, kabla hajamaliza.

Nikifa je? Swali hilo halina jibu la mtu mmoja. Chagua ndugu watatu wanne, kila mmoja awe anatoka naye bila wewe kuanzia sasa. Andika daftari: kinachomtuliza, dawa zake, anavyoonyesha kuwa anaumwa. Na usikimbilie mahakamani kuchukua maamuzi yake yote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, katika kifungu cha 12 unatambua uwezo wake kisheria sawa na wengine, na haki ya kusaidiwa kuutumia. Kumsaidia mtu aamue si kumwamulia.

Barua yako ina maneno ya ndugu na yako, mama. Ya kwake sikuyaona. Kama maneno ni machache, weka mezani picha tatu za kazi, umwache achague, na urudie siku nyingine usije ukadhani amebahatisha. Kisha niandikie alichoshika.