Binti wa Maputo, mzee wa Karatu na maswali yenu ya mbio za kati

Tangu nilipogusia mita 800 na 1500, simu yangu haipumui. Nimechagua maswali machache. Mengine yanafanana mno, kwa hiyo ukiona la jirani yako limejibiwa, hesabu na lako limo.

Mwalimu, shikamoo. Kijana wangu anapenda sana mita 800, lakini wajomba zake wanamcheka: eti mbio ni za watu wa Arusha, Manyara na Singida, sisi wa pwani tuna mpira na taarabu. Je, nimwachishe? – Mama wa Ngamiani

Marahaba, mama. Wajomba wana hoja nusu. Mtu akikaa mlimani, kama pale Iten, Kenya, kwenye mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mwili wake hujitengenezea chembe nyekundu za damu zaidi ili ubebe oksijeni ya kutosha. Akishuka, anakuwa na akiba. Sisi wa Tanga tunaishi ufukweni, akiba hiyo hatuna.

Sasa waulize hao wajomba kama wanamjua Maria Mutola. Kazaliwa 1972 Maputo, Msumbiji, bandari ya Bahari hii hii ya Hindi, joto lake na chumvi yake kama za kwetu. Alikulia Chamanculo, mtaa wa watu wa hali ya chini, akicheza mpira na wavulana na kuwachachafya. Aliyemwona na kumsukuma aingie riadha alikuwa mshairi, José Craveirinha. (Tanga tuna washairi kila kibaraza. Jamani, mkimaliza kutunga, tupieni jicho viwanja vya watoto.)

Mwaka 1988, akiwa na miaka 15, alikwenda Olimpiki ya Seoul akatolewa raundi ya kwanza. Hakuna aliyemtupa. Mwaka 1991 akapata ufadhili wa kusoma Oregon, Marekani, na kufika 1993 akawa bingwa wa dunia wa mita 800. Olimpiki ya Barcelona 1992 alikuwa wa tano, Atlanta 1996 akapata shaba. Dhahabu ilikuja Sydney mwaka 2000, kwa dakika 1:56.15, akiwa na miaka 27. Hesabu mwenyewe, mama: miaka 12 tangu Seoul. Mwaka 2003 alishinda mashindano yote ya mfululizo wa Golden League akaondoka na dola milioni moja peke yake. Mwaka uliofuata, Athens, akashika nafasi ya nne. Alistaafu baada ya Beijing 2008, Olimpiki yake ya sita, akarudia mpira na kuichezea timu ya wanawake ya Msumbiji.

Nisikufiche: alipokomaa alikuwa akifanya mazoezi Johannesburg pia, na mji ule uko juu ya mita 1,700. Mlima unasaidia, lakini kwake ulikuja baadaye, baada ya miguu na moyo kujengwa ufukweni. Nasi Lushoto tunayo karibu. Haifiki urefu wa Iten, ila vilima vyake vinatengeneza mapaja, na baridi yake inakuruhusu kukimbia saa nne asubuhi bila kuyeyuka. Kijana akishapevuka, mpeleke huko likizo kwa shangazi yake. Usimwachishe.

Kocha, mita 600 za kwanza naongoza, halafu miguu inakuwa kama magogo na wote wananipita. Nifanyeje? – Kijana wa Duga

Unakimbia raundi ya kwanza kama unafukuzwa na mbwa, ndiyo maana.

Siri ya mita 800 ni kwamba kila mtu huchoka. David Rudisha alipoweka rekodi ya dunia London 2012, dakika 1:40.91, mita 400 za kwanza alitumia sekunde 49.28 na za pili zaidi ya 51. Alipunguza mwendo, naye ndiye rekodi! Tazama tena fainali yoyote kubwa: yule unayemwona "anaongeza kasi" mwishoni, mara nyingi anapungua kidogo kuliko wenzake. Ukitaka raundi ya pili isiporomoke, ya kwanza iwe na kasi zaidi ya ya pili kwa sekunde mbili tu, hata tatu kwa mwanafunzi. Wewe nadhani unaachia saba au nane.

Fanya hivi. Pima mita 200 kwa kamba kwenye barabara tulivu, kule Raskazone alfajiri kabla bodaboda hazijachangamka. Kama lengo lako ni dakika 2:08, kila mita 200 ni sekunde 32. Kimbia hizo 200 mara nane, pumzika dakika moja na nusu kila baada ya moja, na kila moja iwe 32. Ikitoka 29, umekosea sawasawa na aliyetoka 35. Miguu itajifunza mwendo kama mpishi anavyojua chumvi bila kuonja. Siku nyingine mbili kimbia polepole dakika 40, mwendo ambao unaweza kupiga soga na mwenzako, kwa sababu sehemu kubwa ya nguvu ya mita 800 inatokana na pumzi, na pumzi haijengwi kwa kukurupuka.

Jambo moja zaidi, maana limenichoma mwenyewe. Kwenye mita 800 unabaki katika njia yako mpaka umalize kona ya kwanza, ndipo unaingia ndani. Nikiwa kidato cha tatu nilikata mapema kwa pupa, nikafika wa kwanza na kufutwa jina. Nililia mpaka Muheza. Nilikuja kupoa miaka baadaye, niliposikia kwamba Mutola huyo huyo, akiwa hajashindwa kwa muda mrefu, alienguliwa nusu fainali ya mashindano ya dunia ya 1995 huko Göteborg kwa kukanyaga mstari wa njia yake.

Hivi Filbert Bayi, na ukali wote ule, kwa nini hana dhahabu ya Olimpiki? – Mzee wa Chumbageni

Mzee wangu, hili ni jeraha la taifa. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, kijana wa miaka 20 kutoka Karatu aliondoka mbele kama mtu aliyekumbuka chungu kimebaki motoni, na hakugeuka. Mita 1500 kwa dakika 3:32.16, rekodi ya dunia. John Walker, mwenyeji, alimfukuza mpaka mstarini, naye pia akawa chini ya rekodi ya zamani, lakini wa pili. Mwaka uliofuata Bayi akachukua na rekodi ya maili, 3:51.0, kule Kingston, Jamaika. Walker akaivunja miezi mitatu baadaye.

Dunia nzima ikasubiri wakutane Montreal 1976. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na New Zealand ilipoachwa ishiriki Montreal hata hivyo, nchi nyingi za Afrika zikasusia Olimpiki, Tanzania ikiwemo. Walker akashinda dhahabu kwa 3:39.17, mwendo wa kuviziana. Mimi sijawahi kusema kususia kulikuwa kosa. Ila mkimbiaji ana miaka michache ya ukali, na ile ya Bayi iliangukia pale. Moscow 1980 alipata fedha katika mita 3000 kuruka viunzi na maji, nyuma ya Bronisław Malinowski wa Poland. Suleiman Nyambui naye akapata fedha ya mita 5000 katika michezo hiyo hiyo.

Binti yangu hawezi kuvaa bukta. Je, atafukuzwa uwanjani akivaa hijabu na suruali ndefu? – Baba wa Mabawa

Hapana, baba. Sarah Attar wa Saudi Arabia alikimbia mita 800 Olimpiki ya London 2012 akiwa amejifunika kichwa, mikono mirefu na miguu. Alimaliza wa mwisho kwa mbali, na uwanja mzima ukasimama kumpigia makofi. Mtafutie kitambaa chepesi kinachokauka upesi, na mtandio ubanwe vizuri usipepee. Joto letu ni kali: afanye mazoezi saa kumi na mbili asubuhi, na maji yawe karibu.

Mwanangu yuko darasa la sita, kashinda UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, ngazi ya wilaya akiwa pekupeku. Nataka akimbie asubuhi na jioni kila siku, na shule tupunguze kidogo. – Mzazi wa Makorora

Utamvunja. Kwa umri huo siku tatu kwa wiki zinatosha, zilizobaki acheze mpira, aogelee, apande mwembe. Magoti na visigino vyake bado vinakua. Shule usiiguse: ufadhili uliompeleka Mutola Oregon ulimwingiza darasani. Raba mnunulie zikimtosha kweli. Kubwa za "atazikulia" zitampa malengelenge tu.

Ramadhani nisimamishe mazoezi? – Mkimbiaji wa Pongwe

Usisimamishe, punguza. Nusu saa ya mwendo wa taratibu, umalize adhana ya Magharibi inapokaribia ili tende na maji vikukute. Siku ya mazoezi ya kasi isogeze mpaka baada ya tarawehe, mara moja kwa wiki basi. Na daku usiiruke.