Kagua Pedi Kwanza: kwa binti anayeanza gemu

Mdogo wangu, kabla hujatoa jero yako kwenye kibanda cha gemu, kagua pedi, kile kifaa cha mkononi cha kuchezea. Ukiwa kwenye menyu, toa kidole gumba kwenye kijiti cha kushoto, halafu tazama kioo. Alama ikijisogeza yenyewe bila wewe kuigusa, kijiti kimekwisha, na uwanjani mchezaji wako ataelekea kwenye kibendera cha kona bila kutumwa. Bonyeza na R2, kitufe cha mbele upande wa kulia, ndiyo ya kukimbilia na ndiyo inayokufa mapema. Ikizama isirudi, irudishe pedi, omba nyingine. Pesa ni yako, usione haya.

Naanza na hilo kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia. Desemba 2015 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani nasubiri matokeo, nikaingia kibanda kimoja pale Kaloleni, hapa Arusha. FIFA, gemu ya mpira, nilikuwa nimeshajifunza kwa binamu zangu Moshi, na sikuwa mbovu. Nikalipa, nikamuuliza kijana wa zamu, "Kaka, pedi iko wapi?" Kibanda kizima kikaangua kicheko. Mmoja kwenye benchi la nyuma akajibu, "Pedi ziko duka la dawa, dada." Utani huo utakutana nao, jiandae. Mpaka leo haujafa, na kila anayeutoa anadhani ameubuni yeye.

Nikapewa pedi, nikafungwa tano bila. Mshambuliaji wangu alikuwa anajivuta kushoto kila nikilegeza kidole, nikaamini ni mikono yangu. Wale wachalii, vijana wa kiume, nao waliamini hivyo, ila hawakusema mikono yangu. Walisema, "Wanawake bwana."

Miaka mitatu baadaye nikapata kibarua cha kushika zamu kwenye kibanda kingine, Ngarenaro. Siku ya kwanza bosi alinionyesha jinsi pedi zinavyopangwa: nzuri ni za wateja wa kila siku, iliyozungushiwa gundi nyeusi ni ya wageni. "Mgeni hajui," akaniambia. Hakutaja mwanamke hata mara moja, na naamini hakuwa na nia hiyo. Lakini msichana anayeruhusiwa kutoka nyumbani mara moja kwa mwezi ni mgeni mwaka mzima. Nilisimama pale na pedi ile mkononi nikaikumbuka Kaloleni, tano bila, na njia nzima ya kurudi nyumbani nikijilaumu.

Hesabu ya kibanda iko hivi. Chalii akifungwa, pedi mbovu, TV inachelewa, jua linapiga kioo, hajala tangu asubuhi. Wewe ukifungwa, wamefungwa wanawake wote wa Arusha na viunga vyake. Ukishinda, umebahatisha. Usijaribu kuishinda hesabu hiyo kwa magoli. Mimi nilijaribu karibu miezi sita, kila mechi ikawa mtihani wa taifa, na nikafika mahali nikisikia sauti ya kuanza kwa mechi tumbo linaniuma. Gemu ni starehe, na starehe inayokuuma tumbo si starehe.

Wala usidhani huu ni ushamba wa Chuga, Arusha yetu hii, peke yetu. Mwaka 2016 huko Korea Kusini binti mmoja, Kim Se-yeon, anayecheza kwa jina la Geguri, alikuwa na shabaha kali mno kwenye Overwatch, gemu ya timu ya kupigana kwa bunduki, hata wapinzani wake wakamtuhumu kwamba anatumia programu ya kumsaidia kulenga. Wenye gemu wakathibitisha hakuna udanganyifu. Haikutosha. Ilibidi aende studio, acheze mubashara huku kamera ikiwa imeelekezwa kwenye mkono wake na mausi, watu waone kwamba ni yeye. Mwaka 2018 akasajiliwa na Shanghai Dragons, mwanamke wa kwanza kuingia ligi kuu ya gemu hiyo. Watu wakisimulia habari yake hufurahia huo usajili. Mimi hukwama kwenye ile kamera. Chalii mwenye shabaha vile huku kwetu angeitwa fundi, basi.

Kwenye simu mambo ni mengine, na najua wengi wenu ndiko mnakoanzia, kwenye gemu za bunduki: PUBG Mobile, Free Fire, Call of Duty. Simu ni yako, uko chumbani kwako, hakuna benchi la nyuma. Ndiyo maana nilipohamia huko nilijipa jina la kiume, nikafunga maiki, nikacheza hivyo miaka miwili. Sikutukanwa hata siku moja. Nakwambia ukweli wangu ili usije ukadhani wanaojificha ni waoga. Wakati mwingine mtu umetoka kazini umechoka, unataka kucheza tu, hutaki vita ya pili.

Ila kujificha kuna bei yake. Skwadi ya PUBG, yaani timu, ni watu wanne, na silaha ya kwanza ni mdomo. Ukimwona adui nyuma ya jiwe, unasoma dira juu ya kioo, unasema "mia mbili na kumi, nyuma ya jiwe", wenzako wanageuka. Mimi nilikuwa naandika. Mpaka nimalize kuandika "nyuma yako", mwenzangu kashauawa, kashakuwa boksi. Kuna usiku tulibaki wanne dhidi ya wawili, mechi iko mkononi kabisa. Niliwaona wote wawili wakizunguka kilima, nikaanza kubofya herufi, tukaisha mmoja mmoja kama kuku wa mdondo. Mchezaji mmoja wa kwetu, sauti ya mtu mzima, akasema kwa upole, "Huyu bubu angeongea tungekula kuku leo." Kula kuku kwenye PUBG ni kushinda mechi. Hakunitukana. Iliniuma kuliko tusi.

Kuna gemu ya Nintendo ya mwaka 1986, Metroid. Unacheza kama askari aliyevaa deraya kutoka kichwani hadi miguuni, na kijitabu cha Kiingereza kilichokuja nayo kilimtaja kama mwanamume. Ukifika mwisho bila kuchelewa sana, kofia inavuliwa: kumbe ni mwanamke, Samus Aran. Wengi wanaihesabu kuwa ushindi mkubwa. Wasichopenda kusimulia ni kwamba kadiri ulivyomaliza gemu kwa haraka ndivyo alivyoonekana na nguo chache zaidi, mpaka nguo ya kuogelea. Yaani tuzo ya mchezaji hodari ilikuwa kumvua nguo yule yule aliyempigania. Nilipolijua hilo nilikuwa bado na jina langu la kiume, maiki imefungwa. Nikaona afadhali nijivue deraya mwenyewe, kwa siku niitakayo.

Sasa namna ya kufungua maiki. Usianze na skwadi ya watu usiowajua. Tafuta wawili unaowaamini, hata kama hawajui kucheza, na nafasi ya nne ndiyo muachie mgeni. Na neno lako la kwanza lisiwe salamu, liwe taarifa: "Gari linakuja, kaskazini." Anayesikia taarifa muhimu hugeuza bunduki kwanza, kushangaa sauti ya kike kunakuja baadaye, na mara nyingi wakati huo umeshamuokoa. Nimelijaribu hili mara nyingi. Halizuii kila mpumbavu, linapunguza.

Wapo watakaokuambia urudi jikoni, wapo watakaotaka namba. Usibishane nao katikati ya mechi, bishano moja ni mechi moja imepotea. Zima sauti yake, cheza, mechi ikiisha ripoti. Ila mtu akikutishia, au akisambaza picha yako, hapo gemu imekwisha. Piga skrinshoti yenye jina lake na tarehe kabla hujambloki na kabla hujafuta chochote. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kifungu cha 23 kinahusu unyanyasaji wa mtandaoni. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Nenda na mtu mzima unayemwamini, mbebe ushahidi.

Na lingine ambalo hakuna anayewaambia wadogo. Mtu asiyekujua akikutumia almasi za Free Fire, zile pesa za ndani ya gemu, hajakosea namba. Msichana mmoja aliyekuwa akija kibandani kwangu alipokea zawadi hizo wiki tatu, nguo za mhusika, bunduki za rangi. Wiki ya nne yule mtu akaanza kudai picha, na kila akikataliwa anamhesabia alichotumia kama mtu anayedai deni la dukani. Tulimwambia mama yake, akaunti ikafungwa, ikaisha salama. Zawadi ya mtandaoni irudishe au ikatae mapema, na jina la shule yako lisionekane popote kwenye akaunti.

Kuhusu wanawake waliomo ndani ya gemu zenyewe, nitasema kidogo maana utaona kwa macho yako. Lara Croft wa Tomb Raider alitoka mwaka 1996, na alivyotangazwa ungedhani wanauza kifua, si gemu ya kupanda mapango. Gemu ya kupigana ya Dead or Alive, mwaka huo huo, ilipata sifa kwa jinsi vifua vinavyotikisika. Mwaka 2014 Ubisoft walipoulizwa kwa nini kwenye Assassin's Creed Unity huwezi kucheza na wenzako kama mwanamke, jibu likawa kazi ya kuchora miondoko ingekuwa maradufu. Fundi cherehani akikwambia hashoni gauni kwa sababu amezoea suruali, utamwelewa, ila hutaamini kwamba gauni haliwezekani.

Kwenye mpira nimeona mabadiliko kwa karibu. FIFA 16 ndiyo ya kwanza kuwa na wanawake, timu za taifa 12, na timu ya wanawake ilicheza na ya wanawake tu. Nikichagua Ujerumani ya wanawake, niliyekaa naye alikuwa anabonyeza kurudi nyuma: "Toa hao, tusipoteze muda." Mwaka 2023 ikaja EA Sports FC 24, ndiyo FIFA iliyobadilishwa jina, ambapo kwenye Ultimate Team, sehemu ya kujiundia kikosi chako, wanawake na wanaume wanapangwa kikosi kimoja. Mteja wangu mmoja mwenye PS5 kwao Njiro, chalii aliyekuwa akicheka mpira wa wanawake, alinisimulia nusu saa jinsi alivyohangaika kumpata Alexia Putellas, mwanasoka wa Uhispania, kwa sababu alama zake za uwezo kwenye gemu ni 91. Sikumkumbusha maneno yake ya zamani. Nilimuuliza tu amempanga namba ngapi.

Ukitaka mfano wa karibu, si lazima uende Korea. Panda basi asubuhi, pita Namanga, mchana uko Nairobi. Huko ndiko anakotoka Sylvia Gathoni, Queen Arrow, aliyesajiliwa na timu ya Marekani ya UYU kwa ajili ya Tekken, gemu ya kupigana, huku akisoma sheria. Nawatajia hilo la sheria kwa makusudi, maana wazazi wetu swali lao la kwanza ni shule, na wana haki ya kuliuliza. Mimi sipokei mwenye sare kwenye kibanda changu, hata akilia.

Kwa mwenye ndoto ya kuzitengeneza gemu: wanawake walikuwemo tangu mwanzo. Carol Shaw aliandika River Raid mwaka 1982, ya kurusha ndege juu ya mto. Ila usiingie kazini umefumba macho. Riot Games, wenye League of Legends, mwaka 2021 walikubali kulipa dola milioni 100 kumaliza kesi ya ubaguzi dhidi ya wafanyakazi wao wanawake. Jifunze programu, jifunze kuchora, na kabla hujasaini mkataba mtafute mwanamke aliyewahi kufanya kazi hapo umuulize.

Sasa nina kibanda changu, TV nne, hapo hapo Ngarenaro. Jumamosi saa mbili hadi saa tano asubuhi ni ya wasichana peke yao. Kuna wanaoniambia nawatenga, na wana hoja, kwa sababu ukizoea kucheza na wasichana tu, siku ya kukaa benchi moja na wachalii utatetemeka kama mimi Kaloleni. Kwa hiyo saa tano ikifika simfukuzi mtu. Anayetaka kubaki anabaki, mechi zinachanganywa, na pedi zote zinatoka kwenye kasha moja bila kuchaguliwa. Ya gundi nyeusi bado ninayo, nasubiri fundi wa Kilombero aniletee kijiti kipya.

Jumamosi iliyopita niliisahau ndani ya kasha. Mchanganyiko umeanza, binti mmoja mwembamba, mara yake ya pili kuja, akapangwa na chalii mrefu anayejulikana mtaa mzima kwa FC. Wachalii wameshaanza kunong'ona. Binti akakaa, akaweka pedi mapajani, akaachia kijiti, akatazama kioo. Kisha akainuka, akaja mpaka mezani kwangu, akainyoosha mbele yangu mbele ya watu wote.

"Dada, hii inatembea yenyewe. Nipe nyingine."