Gari la Puto: Anza na Ekseli, Puto Litafuata

Gari la kuchezea linalosukumwa na hewa ya puto ni kati ya vitu vichache ambavyo mzazi anaweza kuviunda na mtoto mchana mmoja bila kununua chochote zaidi ya puto lenyewe. Nimeyaunda mengi pamoja na watoto wa nyumbani na wa majirani, hasa nyakati za likizo, na ushauri wangu mkubwa ni kwamba gari likikataa kwenda, ubaya kwa kawaida hauko kwenye puto. Watu wengi hukimbilia dukani kutafuta puto kubwa zaidi, ilhali shida iko chini, kwenye ekseli (vijiti vinavyounganisha magurudumu na kuzunguka nayo) na kwenye magurudumu yenyewe.

Sababu yake ni rahisi kuielewa ukifikiria uzito wa hewa. Lita moja ya hewa ya kawaida, kwenye usawa wa bahari, ina uzito wa gramu 1.2 hivi, na puto la kawaida lililojazwa hubeba lita chache tu. Maana yake ni kwamba gari zima linasukumwa na gramu chache za hewa zinazotoka kwa sekunde chache. Msukumo wa namna hiyo unatosha kuendesha gari jepesi ambalo magurudumu yake yanazunguka bila kukwama, lakini hauwezi kulazimisha gurudumu lililobana.

Kwa bodi, tumia boksi tupu la maziwa au la juisi, lililooshwa na kukaushwa, au chupa ya maji ya nusu lita. Mimi napendelea boksi kwa sababu lina upande bapa ambao mirija hukaa bila kuyumba. Epuka ubao na katoni nene, maana kila gramu unayoiongeza italipiwa na hewa ileile kidogo. Watoto wengi wa mitaani kwetu tayari wanajua kuunda magari ya maboksi yenye magurudumu ya ndala, kwa hiyo usishangae mtoto akikukosoa hapa; tofauti ni kwamba gari lile huvutwa kwa kamba, na mkono unaovuta kamba husamehe ekseli mbovu, wakati puto halisamehi.

Ekseli ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Kata vipande viwili vya mrija wa kunywea soda, vyenye urefu sawa na upana wa bodi, uvibandike kwa selotepu chini ya boksi, kimoja mbele na kingine nyuma. Kisha pitisha kijiti cha mshikaki ndani ya kila mrija. Mrija haupaswi kusogea hata kidogo, na kijiti kinapaswa kuzunguka ndani yake kwa uhuru kamili. Kijiti cha mshikaki huwa na unene wa milimita 3 hivi na mrija wa kawaida huwa na tundu la milimita 5 au 6, kwa hiyo nafasi ipo ya kutosha, mradi usiuminye mrija unapoubandika. Kabla ya kukaza selotepu, pima kwa rula kutoka ukingo wa mbele wa boksi hadi kila ncha ya mrija, kushoto na kulia, kwa sababu mirija isiyo sambamba hulifanya gari lizunguke badala ya kunyooka. Kijiti kikiwa na vibanzi, kisugue kwa msasa, kisha kipake nta ya mshumaa. Mafuta ya kula yasitumike, kwani hunasa vumbi, na mafuta ya mgando ya kujipaka yakae mbali kabisa na kazi hii, kwa kuwa mafuta yatokanayo na petroli huharibu mpira wa puto.

Magurudumu mepesi yanayopatikana kila nyumba ni vifuniko vya chupa za maji, na vifuniko vya makopo ya siagi ya karanga vinafaa zaidi kwa kuwa ni vikubwa na hupita juu ya mashimo madogo ya sakafu. Tundu lazima likae katikati hasa. Njia ninayoiamini ni kuchora duara la kifuniko kwenye karatasi, kulikata, kulikunja mara mbili, kisha kulifungua na kulilaza juu ya kifuniko: mikunjo inapokutana ndipo penye kitovu. Toboa kwa msumari uliopashwa moto kwenye mshumaa na kushikwa kwa plaizi, na kazi hii ifanywe na mtu mzima. Kwa kuwa plastiki ya kifuniko ni nyembamba, gurudumu hupenda kulegea na kuinama. Dawa yake ni kukata kipande cha duara kutoka kwenye ndala iliyochakaa, kukishindilia ndani ya kifuniko, na kupitisha kijiti katika vyote viwili. Acha nafasi ya milimita 2 hivi kati ya gurudumu na ncha ya mrija, na ukitumia gundi, iwe tone dogo upande wa nje, lisije likatiririka hadi ndani ya mrija.

Sasa, kabla hujagusa puto, inua upande mmoja wa ubao au wa meza kwa kuweka kitabu kimoja chini yake, uliweke gari juu na uliachie. Likishuka lenyewe na likanyooka, kazi ngumu imekwisha. Likisita, rudi kwenye ekseli. Hakuna puto litakalolitibu.

Kwa bomba la kutolea hewa, mrija unafaa, lakini ganda la kalamu ya Bic lililokwisha wino ni imara zaidi na halikunjiki. Ondoa mrija wa wino na kifuniko kidogo cha mwisho, kisha tafuta tundu dogo sana lililo ubavuni mwa ganda na ulizibe kwa selotepu, maana hewa itavuja hapo. Ingiza ncha moja kwenye mdomo wa puto na uifunge kwa mpira mwembamba wa kufungia noti. Bandika ganda juu ya bodi, ncha ya wazi ikitokeza nyuma kidogo, ikiwa imelala na kunyooka sambamba na gari. Puto lijazwe na kutolewa hewa mara mbili au tatu kwanza ili mpira ulegee, na hakikisha likijaa haligusi magurudumu wala sakafu.

Mtoto akiuliza kwa nini gari linakwenda mbele, usimwambie kwamba hewa inasukuma ukuta au hewa iliyo nyuma. Puto huisukuma hewa nje, na hewa hiyo hulisukuma puto upande wa pili kwa nguvu ileile. Hiyo ndiyo kanuni ya tatu ya mwendo ambayo Isaac Newton aliichapisha mwaka 1687. Hata watu wazima hujikwaa hapa. Mwaka 1920 gazeti la The New York Times lilimkejeli Robert Goddard, mtafiti wa roketi wa Marekani, kwa kufikiri kwamba roketi inaweza kufanya kazi mahali pasipo hewa, na likasahihisha kauli hiyo Julai 1969, Apollo 11 ikiwa njiani kwenda mwezini.

Kuhusu usalama, puto lisilojazwa na vipande vya puto lililopasuka vinaweza kumkaba mtoto mdogo, kwa hiyo aliye chini ya miaka 8 asiachiwe peke yake. Watoto wakiwa wengi, kila mmoja awe na puto lake, kwani kupuliziana bomba moja ni njia rahisi ya kugawana mafua.

Gari likishakwenda, mchezo wenyewe ndipo unapoanza. Piga mstari wa chaki, pima umbali kwa futi kamba, kisha mwache mtoto abadilishe jambo moja tu kwa kila jaribio. Aanze na bomba: tundu pana humwaga hewa upesi na kulirusha gari kwa nguvu, wakati tundu jembamba hulisukuma polepole kwa muda mrefu zaidi, na lipi kati ya hayo litafika mbali hutegemea uzito wa gari na ulaini wa ekseli zake. Sakafu ya niru au ya vigae ndiyo inayofaa. Kwenye zulia au mchanga hata gari zuri halifiki popote.